Staa kafilisika? Uliza kwanza makato

Jumamosi usiku, katika nyumba moja ya mtaa wa Chuno mjini Mtwara, kijana wa miaka 17 aliingia jikoni na simu mkononi, macho yamemtoka. Mama yake alikuwa anaosha mchele wa vitumbua vya alfajiri.

"Mama, umeona? Konde kafilisika. Nyumba zote kauza. Mameneja wamemmaliza."

"Nani kasema?"

"Watu wanasema."

Wiki mbili kabla ya hapo, watu haohao walikuwa wamesema msanii huyohuyo ana mabilioni, na kwamba shoo yake moja inazidi korosho za kijiji kizima. Kijana aliziamini habari zote mbili, kila moja kwa siku yake.

Katika nyumba nyingine mazungumzo yangeishia hapo. Lakini chini ya godoro la kijana huyu palikuwa na karatasi mbili zilizochapwa, ambazo mama alikuwa amezikuta asubuhi akitandika. Ulikuwa mkataba wa miaka mitano. Mtu mmoja mwenye studio alimsikia akiimba kwenye harusi, akamwambia ana sauti, akampa raba mpya na karatasi za kusaini. Kilichokuwa kimebaki ni saini yake na Sh200,000 za kile kilichoitwa usajili. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umebaki miezi miwili.

Kwa watoto wa Mtwara, habari za fedha za wasanii si habari za watu wa mbali. Harmonize, ambaye jina lake halisi ni Rajabu Abdul Kahali, ni mtoto wa Tandahimba, na jina la Konde Boy amelitoa kwenye kabila lake la Wamakonde. Alijiunga na lebo ya WCB Wasafi ya Diamond Platnumz mwaka 2015, mwaka uleule akatoka na wimbo wa Aiyola, na mwaka 2019 akaondoka kuanzisha lebo yake, Konde Music Worldwide. Mwaka huohuo wa 2019 alisema mwenyewe hadharani kwamba mkataba ulimtaka alipe Sh500 milioni pamoja na gharama nyingine ili awe huru, na kwamba alilazimika kuuza nyumba tatu na baadhi ya mali zake.

Kwa hiyo habari ya kuuza nyumba ilikuwepo, na aliyeisema ni mwenyewe. Ila ni ya 2019, na ilihusu gharama ya kutoka kwenye mkataba. Kijana wa Chuno aliipokea miaka mingi baadaye, imevishwa nguo mpya na kupewa jina la kufilisika. Ndivyo tetesi nyingi za fedha za mastaa zinavyotengenezwa. Huchukuliwa jambo la zamani lenye ukweli ndani yake, likafutwa tarehe, likaongezwa chumvi. Hali ya mfuko wa msanii huyo leo anaijua yeye na mhasibu wake.

Rayvanny alipotangaza kuondoka WCB Julai 2022, swali lililotawala vijiweni lilikuwa moja: kalipa ngapi? Kisha mwaka 2025 ikawa zamu ya Konde Gang yenyewe. Ibraah, naye kijana wa Mtwara na msanii wa kwanza kusainiwa na Harmonize, alisema hadharani kwamba anatakiwa kulipa Sh1 bilioni ili aondoke, akawaomba mashabiki wamchangie. Hayo yalikuwa madai yake, na suala likafika Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu nani mwenye haki, lakini mzazi atazame mpangilio wake. Aliyelalamikia bei ya mlango wa kutokea ndiye baadaye akalalamikiwa kwa jambo lilelile.

Vijiweni, maelezo ya mambo haya huwa mawili tu. Msanii akifanikiwa, ni Freemason. Akikwama, meneja kamla. Yote mawili yanamfurahisha msikilizaji, na hakuna hata moja linalomsaidia mtoto mwenye karatasi chini ya godoro.

Bei ya mnada

Nyumbani hapo alikuwepo bibi, mama mzaa baba, aliyekuja kutoka Tandahimba kwa ajili ya kliniki yake ya presha katika Hospitali ya Ligula. Alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, lakini watu wazima wa aina yake hulala masikio yakiwa macho.

"Mume wangu," alimwita mjukuu, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Hebu njoo. Hiyo shoo ya huyo mwanetu, wanasema analipwa ngapi?"

"Wanasema hata milioni kumi, bibi. Na zaidi."

"Hiyo milioni kumi ni bei ya mnada, au ni hela iliyofika mkononi?"

Kijana alinyamaza. Ni swali ambalo kila mtoto aliyekulia kwenye mikorosho analielewa kabla hajamaliza darasa la nne. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima anapeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, zinakwenda ghalani, zinapigwa mnada, na redio inatangaza bei. Bei hiyo siyo anayolipwa mkulima. Kuna ushuru, kuna sehemu ya chama cha msingi, sehemu ya chama kikuu, ghala, usafirishaji. Baba anayeahidi sare za shule kwa hesabu ya bei iliyotangazwa redioni huja kuaibika Januari.

Tetesi za mastaa ni redio inayotangaza bei ya mnada tu. Zinataja malipo ya shoo, zinataja idadi ya waliotazama video, zinataja gari. Makato hayatajwi. Halafu msanii akionekana amepanda bajaji, watu wanasema kaibiwa, kwa sababu hesabu waliyokuwa nayo kichwani haikuwahi kuwa hesabu yake.

Hata hiyo idadi ya watazamaji wa YouTube ina mambo yake. Hakuna bei moja ya mtazamaji. Malipo hutegemea matangazo yaliyooneshwa na nchi alipo aliyetazama, na hela huingia kwa mwenye chaneli. Mtoto akisema wimbo wa fulani umetazamwa mara milioni moja, swali la kumuuliza ni dogo tu: chaneli ya nani?

Mama alizileta zile karatasi. Hakugomba, na hilo pekee lilimshangaza kijana kuliko kukutwa nazo. Akazisoma kwa sauti, taratibu, bibi akisikiliza. Kifungu cha mapato kilisema asilimia 60 ni ya studio na 40 ni ya msanii. Kijana akasema hilo analijua, na kwamba hata wakubwa wanaanzia hapo. Kifungu kilichofuata kilikuwa na mstari mmoja: gharama zote za shughuli za msanii zitakuwa juu ya msanii.

"Piga hesabu," mama alisema. "Wewe ndiye mwanafunzi."

Kijana akafungua kikokotoo cha simu. Chukulia shoo ya Sh10 milioni. Chukulia nauli, madansa, hoteli na nguo vimekula Sh4 milioni. Kama gharama zinatolewa kwanza, inabaki Sh6 milioni, na asilimia 40 yake ni Sh2.4 milioni. Hiyo ni hela. Kama mgawanyo unafanywa kwanza, msanii anapata Sh4 milioni, kisha analipa gharama za Sh4 milioni.

Alirudia hesabu mara mbili. Asilimia hazikubadilika, shoo haikubadilika, ila mara hii jibu lilikuwa sifuri.

Ndiyo maana mzazi asiridhike kusikia asilimia. Mabishano mengi ya wasanii na mameneja yanaonekana ni ya asilimia, kumbe yamejificha kwenye mstari wa gharama: nani anazilipa, zinakatwa kabla au baada, na nani anaandika kitabu. Meneja anayekata gharama bila kuonesha risiti anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini hakuna atakayejua.

Bibi alikuwa na swali lingine. "Hizo laki mbili za nini?"

"Usajili, bibi."

"Nimelima korosho tangu baba yako hajazaliwa. Mnunuzi gani anamdai mkulima hela ili anunue korosho zake?"

Kisha akaziangalia raba mpya miguuni kwa mjukuu wake, akasema, "Na hizo ndiyo kangomba."

Kwa msomaji asiye wa Kusini: kangomba ni biashara ya kununua korosho nje ya mfumo rasmi, kwa kipimo cha bakuli. Mara nyingi mnunuzi huja wakati wa njaa, kabla ya msimu, akampa mkulima fedha kidogo ya kuvukia, na mavuno yakifika yanakuwa yake kwa bei ya kutupa. Mkulima hakuibiwa, alikubali mwenyewe siku ambayo alikuwa na shida. Fedha ya awali ya lebo hufanya kazi ya namna hiyohiyo. Gari la kutembelea, nyumba ya kupanga, video ya gharama, vyote vinaweza kuandikwa kama deni linalorudishwa kutoka kwenye mapato. Msanii anaonekana tajiri kwenye picha kwa sababu ya mali ambayo bado anaidaiwa.

Tuwe wa haki, lebo nayo ina hoja. Kumtoa kijana asiyejulikana ni gharama, na wengi wanaosainiwa hawarudishi hata fedha ya video ya kwanza. Anayewekeza ana haki ya kutaka kurudishiwa. Kinachotakiwa ni iandikwe: ni kiasi gani, inahesabiwaje, na inakwisha lini.

Hata mtoto wa Unguja

Haya hayakuanzia kwenye Bongo Fleva. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, akaondoka na familia yake kwenda Uingereza mwaka 1964, na dunia ikaja kumjua kama Freddie Mercury wa bendi ya roki ya Queen. Mwaka 1974 wimbo wao wa Killer Queen ulifika namba mbili kwenye chati za Uingereza. Mashabiki waliamini vijana hao wanaogelea kwenye fedha. Ukweli ni kwamba walikuwa wakilipwa mshahara wa pauni 60 kwa wiki. Mpiga besi wao, John Deacon, aliomba pauni 4,000 za malipo ya awali ya nyumba, akakataliwa. Freddie alitaka piano, naye akaambiwa asubiri.

Kampuni ya Trident ndiyo iliyokuwa na studio walizorekodia, ndiyo iliyowasimamia, na ndiyo iliyoshika haki za uchapishaji wa nyimbo zao. Mshauri wao na mtu wanayetakiwa kujadiliana naye bei alikuwa mtu mmoja. Mzazi akikutana na mwenye studio ambaye pia ni meneja, na pia ndiye atakayemtafutia mtoto mwanasheria, akumbuke hapo.

Mwaka 1975 waliachana. Mwanasheria Jim Beach ndiye aliyewasaidia kutoka, kwa kulipa pauni 100,000 na kuiachia Trident asilimia moja ya mapato ya albamu sita zilizofuata. Freddie alimalizia hasira zake kwenye wimbo, Death on Two Legs, na bosi wa Trident, Norman Sheffield, akafungua kesi ya kuchafuliwa jina. Miaka mingi baadaye, mwaka 2013, Sheffield aliandika kitabu kueleza upande wake: kwamba kampuni ilitumbukiza karibu pauni 200,000 kwa bendi hiyo kabla faida haijaonekana. Waliomwita mwizi na waliomwita mwekezaji wote walikuwa na namba zao. Jim Beach, yule mwanasheria, baadaye ndiye akawa meneja wao.

Kuna jambo moja zaidi kwao ambalo wazazi wa watoto wenye vikundi vya shuleni au kanisani wangefaa kulisikia. Baada ya kuondoka Trident, ugomvi wa fedha ulihamia ndani ya bendi. Malipo ya utunzi huenda kwa aliyetunga, si kwa wote waliopiga. Roger Taylor, mpiga ngoma, alikuwa ametunga wimbo uliowekwa upande wa pili wa santuri ya Bohemian Rhapsody, na kila santuri iliyouzwa ilimlipa kwa utunzi sawasawa na Freddie aliyetunga upande wa kwanza. Manung'uniko hayo yaliendelea miaka mingi, hadi albamu ya The Miracle ya mwaka 1989, walipokubaliana kila wimbo uandikwe kwa jina la bendi nzima. Watoto wanne wanaoimba pamoja Mikindani leo hawajawahi hata kuulizana nani katunga nini.

Karatasi isiyo na nguvu

Kwa kijana wa Chuno kulikuwa na jambo la kisheria ambalo mwenye studio hakulitaja. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, mtu aliye chini ya miaka 18 hana uwezo wa kuingia mkataba, na makubaliano aliyoyafanya ni batili. Saini yake peke yake isingekuwa na nguvu. Hatari ni kwamba familia nyingi hazilijui hilo, na mtoto akishatishwa kwamba atashtakiwa, hulipa au hufanya atakaloambiwa. Hatari nyingine ni mzazi kuitwa ghafla asaini kama mlezi, akiwa amesimama, kalamu imeshatolewa. Karatasi ije nyumbani, ilale siku kadhaa, isomwe na mtu anayeelewa sheria. Haki ya wimbo huanza kwa mtunzi wake, na kuna ofisi ya hakimiliki, COSOTA, inayosajili kazi. BASATA nao husajili wasanii na wanaojihusisha na kazi za sanaa, kwa hiyo si kosa wala si jeuri kumuuliza anayejiita meneja kama amesajiliwa huko.

Kwa wenye mabinti kuna jingine, na lisemwe bila kuzunguka. Meneja anayetaka kukutana na msichana peke yake usiku, au anayesema wimbo utatoka akikubali jambo fulani, huyo hatafuti msanii. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007. Mtoto anaweza kupiga simu 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto.

Mama wa Chuno alikuwa na wasiwasi mwingine, wa kimama. Kwa miezi miwili kijana alikuwa akirudi saa nane za usiku kutoka kurekodi, anasinzia darasani, anakula nusu sahani. Kijana wa umri huo anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Akili iliyokosa usingizi hupandishwa na habari ya mabilioni Jumatatu na kuangushwa na habari ya kufilisika Jumamosi, na katikati yake ndipo anapoletewa karatasi ya kusaini. Kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula na kujitenga kukiendelea kwa zaidi ya wiki mbili, ni jambo la kumpeleka kituo cha afya, hata kama mwenyewe anasema ni stresi za muziki tu.

Alichokifanya vizuri mama huyu ni kutocheka. Mzazi anayesema "muziki ni uhuni" hapunguzi chochote. Mtoto ataendelea kuimba, na karatasi itahamia chini ya godoro la rafiki.

Jumapili mchana alimpigia simu mwenye studio, sauti ikiwa wazi barazani ili wote wasikie. Alimsalimu kwa heshima, akamwambia mwanawe ana mtihani Novemba na kwamba mazungumzo yatakuwa baada ya hapo, akiwepo yeye. Kisha akauliza kama gharama zinakatwa kabla ya mgawanyo au baada.

"Mama, mambo ya muziki utayaelewa taratibu," mtu yule alijibu.

"Sawa baba. Ndiyo nauliza nielewe."

Bibi akapaza sauti kutoka kwenye mkeka: "Mwulize laki mbili inaandikiwa risiti?"

Mtu yule alisema yuko barabarani, atapiga baadaye. Hadi Jumatano, siku ambayo bibi alipanda basi kurudi Tandahimba kuangalia mikorosho yake, alikuwa hajapiga. Raba zilikuwa zimefutwa vumbi na kuwekwa ndani ya mfuko karibu na mlango. Kijana alisema atazirudisha Jumamosi. Alhamisi alikwenda nazo shule.